Kabla ya Kununua Kisanduku

Mpwa wangu wa Dar es Salaam amenunua Suzuki V-Strom 650 ya mwaka 2012 iliyotumika. Aliyemuuzia alikuwa ameshang'oa ekzosi ya kiwandani na kufunga nyingine iliyo wazi zaidi, na sasa kijana kashauriwa na wenzake kwamba lazima atafute kifaa cha kurekebisha mafuta. Wiki hii amenitumia picha za vifaa vitatu, kila kimoja na bei yake, na ujumbe mfupi: "Shikamoo mjomba. Nichukue kipi hapa?"

Nimeshindwa kumjibu kwa mstari mmoja, kwa sababu swali lake limenikumbusha miaka mingi ya kuendesha pikipiki na kushinda magereji, na kwa sababu naona si lake peke yake. India ilipoanza kanuni za moshi za BS6 Aprili 2020, pikipiki nyingi ndogo za huko zilitolewa kwenye kabureta zikaingizwa kwenye mfumo wa injekta unaoongozwa na kompyuta. Na pikipiki za India ndizo zilizojaa barabara zetu. Mfumo huo utamfikia hata bodaboda wa kijijini, na wauza visanduku watakuja nyuma yake.

Mambo ya mafuta na hewa nilianza kuyaelewa nikiwa afisa ugani kijana wilayani Lushoto. Ofisi ilinikabidhi Honda XL125S, pikipiki ya kabureta, nami kazi yangu ilikuwa kupanda na kushuka milima ya Usambara. Kabureta haijui kama iko bondeni au mlimani. Ukianza safari Mombo, chini kabisa kwenye joto, na kukata kona zile mpaka Lushoto iliyo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa inazidi kuwa nyepesi ilhali mafuta yanayoingia hayapungui kwa kiasi kile kile. Unafika juu injini ikiwa imekabwa, haivuti, na nyuma inatoa moshi mweusi.

Pale mjini Lushoto alikuwepo fundi mmoja mzee ambaye hakuwa na chombo chochote cha kupimia. Alikuwa akikuambia ukimbize pikipiki kwenye mlima ulio mbele ya gereji, uzime injini ikiwa bado inavuta, kisha uiache itembee yenyewe mpaka isimame. Hapo ndipo alipofungua plagi. Aliishika kwa kitambaa, akaigeuza kulielekea jua, akaitazama ile kauri inayozunguka ncha. Masizi makavu meusi maana yake mafuta yanazidi. Nyeupe pe, mafuta ni machache na injini inaungua. Kahawia isiyokolea, anairudisha plagi mahali pake na kukuambia nenda zako. Kama si sawa, ndipo alipofungua kabureta na kuishusha sindano kwa tundu moja, au kubadilisha jeti. Na wale waliowekewa jeti ndogo ya mlimani aliwaonya: "Ukishuka Korogwe na hii, usivute mpaka mwisho."

Sikumwona hata siku moja akigusa kabureta kabla ya kuiona plagi. Wateja walimsukuma sana, kila mmoja kaja na ugonjwa alioambiwa na jirani, na wote aliwajibu kwa kuchukua spana ya plagi. Nimekutana na mafundi wengi baada ya yule, wenye kompyuta na nyaya, lakini kipimo changu cha fundi hodari bado ni yeye.

Alichokuwa akikisoma kwenye ile kauri, vitabu vinakiandika kwa namba. Kilo moja ya petroli inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Ukitaka nguvu ya juu unashuka kwenye 13 hivi. Ukitaka kubana matumizi unapanda kidogo juu ya 14.7, mpaka injini inapoanza kusitasita na kupata joto kupita kiasi. Kila kifaa anachouziwa mpwa wangu, cha bei rahisi au ghali, kazi yake ni kuisogeza namba hiyo. Wenye kukuonyesha namba yenyewe ni wachache.

Baada ya miaka nilihamia Arusha, na huko nikanunua pikipiki yangu ya kwanza ya injekta, ya silinda moja, cc 660, kutoka kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Teknolojia yenyewe haikuwa ngeni duniani. Kawasaki waliifunga kwenye Z1000 mwaka 1980, Honda wakaja na CX500 Turbo mwaka 1982, na BMW na K100 mwaka uliofuata. Kwangu ilikuwa mpya kabisa. Nilipanda nayo mpaka ukingo wa Ngorongoro, mita 2,300 na kitu, ambako shinikizo la hewa limepungua karibu robo ukilinganisha na Tanga mjini, na injini haikubadilika sauti. Nguvu ilipungua kama inavyopungua kwa kila injini, lakini hakuna moshi wala kukabwa. Sensa moja inapima shinikizo la hewa, nyingine joto la hewa, nyingine joto la injini, nyingine umevuta mafuta kiasi gani, na kontrol boksi inajumlisha hayo yote na kuamua nozeli ifunguke kwa milisekunde ngapi. Kazi yote ya yule mzee wa Lushoto, jeti na sindano, ilikuwa imefanywa njiani bila mtu kushika bisibisi.

Ila kwenye mwendo mdogo wa kutulia ilikuwa inasukumasukuma, na bei ya mafuta iliniuma. Nilipofungua kiti kutafuta betri, nikakuta kitu kidogo kimezungushiwa utepe mweusi, kimechomekwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa. Ndani yake palikuwa na kipande kimoja cha umeme, rezista, basi. Kazi yake ni kuidanganya kontrol boksi kwamba hewa ni ya baridi kuliko ilivyo. Hewa ya baridi ni nzito, kwa hiyo boksi inaongeza mafuta. Mwenyewe wa kwanza alikuwa ameuziwa kitu hicho kama kifaa cha kuongeza nguvu.

Nilikitafakari sana kile kipande. Kilikuwa kinaongeza mafuta kila mahali, hata pale ambapo injini haikuhitaji, na kilikuwa kimeinyang'anya kontrol boksi habari ya kweli. Asubuhi ya baridi ya Arusha na mchana wa Tanga vilikuwa karibu kitu kimoja kwake. Nilipokitoa, pikipiki ilikula mafuta vizuri zaidi, na kusukumasukuma kukabaki vile vile, maana chanzo hakikuwa pale. Moja ya picha tatu za mpwa wangu ni kifaa cha aina hii, kimepambwa kwa kiboksi chenye rangi. Hicho nilimwambia akifute siku ile ile.

Kilichonifundisha zaidi ni safari moja na fundi wa Arusha anayehudumia magari ya mashindano. Alikuwa na geji ya sensa pana. Lazima nieleze tofauti, kwa sababu wauzaji hawaielezi. Sensa ya oksijeni inayokuja na pikipiki nyingi ni nyembamba: inajua tu kama uko upande huu au upande ule wa 14.7. Voltiji yake inaruka juu mafuta yakizidi, inaanguka yakipungua, lakini imezidi au imepungua kwa kiasi gani, haisemi. Sensa pana inakupa namba kamili, tuseme 13.2 au 15.6, hapo hapo ukiwa unaendesha. Akachomelea nati ya milimita 18 kwenye bomba langu la ekzosi, akaikaza sensa, akaifunga geji kwenye usukani kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Tukaelekea barabara ya Namanga.

Mwendo wa kutulia, namba ilikuwa 15 na kitu. Sawa, nikaona, hapo ndipo panaposukuma. Nikavuta nusu, ikashuka 13 na pointi, safi kabisa. Kisha nikapata mlima mrefu, nikavuta mpaka mwisho na kushikilia. Namba ilianza 13, ikapanda 14, na mlima ukiendelea ikafika 15 na kuzidi, injini ikanyong'onyea mikononi mwangu. Nikaachia haraka. Injini iliyobeba mzigo mzito kwa namba ile inajichoma yenyewe.

Hapo mtu mwenye haraka angesema: ongeza mafuta kwenye resi kubwa, nunua kifaa. Yule fundi hakusema neno mpaka tuliporudi gereji. Akafunga geji nyingine, ya presha, kwenye mpira wa mafuta. Kitabu cha pikipiki ile kilitaka takriban bar 3. Kwenye sailensi presha ilikuwa nzuri, lakini ukiipa kazi inashuka. Tukashusha tangi, tukatoa pampu. Chujio lake dogo, lenye wavu kama wa soksi, lilikuwa limegeuka kuwa tope jekundu lenye chembe za kutu. Ukilibonyeza kwa kidole linatoa maji machafu. Mafuta yangu mengi nilikuwa nayapata vijijini, kwenye madumu na chupa, ambako huwezi kujua yamechanganywa na nini. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, na vituoni hali ni afadhali, lakini dumu la pembeni mwa barabara halina vinasaba vyovyote vya kukaguliwa na mteja.

Tulibadilisha chujio. Tukarudi kwenye mlima ule ule, mkono mpaka mwisho, namba ikabaki 13 toka chini mpaka juu. Ningekuwa nimefunga kifaa na kuongeza asilimia kumi ya mafuta pale juu, kingeagiza mafuta ambayo pampu haina, na siku chujio likibadilishwa injini ingeanza kufurika. Tangu siku hiyo mtu akiniambia pikipiki yake inahitaji kifaa, nauliza kwanza presha ni ngapi. Kwa kawaida hajawahi kupimiwa.

Ule msukumo wa mwendo mdogo ndio uliokuwa halali ya kifaa. Watengenezaji hupunguza mafuta katika eneo hilo kwa ajili ya viwango vya moshi vya nchi zao, na silinda moja kubwa inalisikia jambo hilo kuliko injini ya silinda nne. Rafiki yangu wa Nairobi akanipa Power Commander iliyotoka kwenye pikipiki kama yangu, ya mwaka ule ule. Inatengenezwa na Dynojet ya Marekani, kampuni iliyoanza na jeti na sindano za kabureta kabla ya kuja kwenye mashine za kupimia nguvu na visanduku hivi. Inakaa katikati ya kontrol boksi na nozeli. Kontrol boksi inaamua muda wa nozeli kama kawaida, na kisanduku kinauongeza au kuupunguza kwa asilimia. Ndani yake kuna jedwali: upande mmoja mizunguko ya injini kwa dakika, upande wa pili kiasi ulichovuta mafuta, na katika kila chumba unaandika namba yako. Kwenye mizunguko 3,000 na mkono wa asilimia 10 unaweza kuandika 6, na vyumba vinavyohusu mlima mrefu ukaviacha sifuri. Marekebisho ya mlima na joto yanaendelea kufanywa na kontrol boksi, kwa sababu wewe unazidisha tu jibu lake.

Jedwali lililokuja nacho lilikuwa la ekzosi nyingine na eya klina nyingine. Tulilijaribu, geji ikaonyesha 12 pale ambapo palikuwa pazuri. Tukalifuta lote, tukajaza vyumba vichache tu vya mwendo mdogo, tukienda na kurudi barabarani, mmoja anaendesha na kukumbuka namba, mwingine anaandika. Kusukuma kukaisha. Nguvu ya juu haikuongezeka hata kidogo, wala sikuitafuta.

Nimeshuhudia njia nyingine mbili, na zote zina watu wanaozitetea kwa haki. Kijana mmoja ninayemfahamu alikuwa anaandika upya programu ndani ya kontrol boksi yenyewe kwa kebo na kompyuta mpakato. Ni njia safi: hakuna kisanduku cha ziada, hakuna viungio vya waya vya kuingia vumbi, na unaweza kugusa hata muda wa cheche. Siku moja alikuwa katikati ya kuandika, kompyuta ikitegemea umeme wa ukutani kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka, umeme ukakatika. Kontrol boksi ikafa. Wakatafuta nyingine iliyotumika kutoka nje, ilipofika ikaikataa funguo ya pikipiki, maana boksi na funguo vinatambuana. Pikipiki ilikaa chini ya turubai muda mrefu mno kwa kosa la sekunde. Kwa njia hii nataka kuona betri mbili zenye chaji, ya pikipiki na ya kompyuta, na nakala ya programu ya awali mkononi mwa mwenye pikipiki, siyo kwa fundi peke yake. Mafundi huhama mji.

Nyingine ni ile inayojifunza yenyewe. Kisanduku kinafungwa sensa pana, nawe unakiandikia namba unayoitaka, nacho kinasahihisha jedwali ukiwa unaendesha. Msafiri mmoja aliyepiga kambi Arusha alikuwa nacho, na pikipiki yake ilikuwa inatoa harufu ya petroli mpaka kwenye hema za wenzake. Geji yake inasema 13.5, kila kitu sawa. Fundi wetu akaomba spana ya plagi. Plagi ikatoka nyeusi tii. Akapitisha kiganja karibu na kiungio cha bomba wakati injini iko kwenye sailensi, akasikia pumzi: gasketi ilikuwa imepasuka mbele ya sensa. Ekzosi hupumua kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo ilikuwa inavuta hewa ya nje kupitia pale palipopasuka. Sensa ikaona oksijeni nyingi, ikaripoti mafuta ni machache, kisanduku kikaongeza, na kesho yake kikaongeza tena. Kifaa chema sana, kilichomwamini shahidi mmoja. Gasketi mpya na jedwali likarudishwa sifuri, msafiri akaendelea na safari yake kuelekea kusini.

Basi mpwa wangu nimempigia simu badala ya kumwandikia. V-Strom yake ina sensa nyembamba ya oksijeni, kwa hiyo kwenye mwendo wa kutulia kontrol boksi inajirudisha yenyewe kwenye 14.7. Kisanduku kikiongeza mafuta eneo hilo, boksi inayapunguza, na watashindana hivyo siku nzima. Wauzaji wana dawa ya hilo, kiungio cha kuifumba macho sensa. Mimi sioni sababu ya kuifumba. Kwa mwendo wa Chalinze mpaka Segera, 14.7 inamtosha, na tangi lake litamfikisha mbali zaidi. Mlio wa risasi anaousikia akiachia mafuta kwenye mteremko aanze kuutafutia kwenye viungio vya ekzosi ile mpya, kwa kiganja na maji ya sabuni, kabla hajatoa hata shilingi.

Akishamaliza hapo, aangalie eya klina, apime presha, afungue plagi zote. Kisha aipande mpaka Arusha tuifunge geji. Kama namba kwenye mkono mkubwa itakuwa pungufu kwa sababu ya ile ekzosi, achukue kile cha asilimia, cha katikati kwenye picha zake, kilichoandikwa modeli na mwaka wa pikipiki yake hasa, na ajaze vyumba vya juu tu, kule ambako sensa nyembamba haitumiki. Nimemchagulia hicho kwa sababu moja kubwa: kikiharibika Makambako usiku, unakichomoa, unaunganisha soketi za kiwandani, unaondoka. Kama namba itakuwa nzuri, fedha ile anunue tairi.

"Mjomba," akaniuliza, "sasa huku mtaani nani ana geji ya presha?"

Hilo ndilo linalonikera. Kijiweni kwake kuna mafundi wenye mikono mizuri ajabu, wanaoweza kufungua injini ya Boxer na kuirudisha kabla chai haijapoa, na pikipiki ya injekta ikija wanabadilisha nozeli, kisha pampu, kisha kontrol boksi, kwa kubahatisha, na bodaboda analipa kila mara. Taa ya injini ya pikipiki nyingi hizi, ukiunganisha waya mbili za soketi ya uchunguzi, inamemeta kwa hesabu, na kila hesabu inataja sensa yake. Geji ya presha ni ya bei ndogo kuliko pampu moja. Fundi wangu wa Arusha ameanza kuwafundisha vijana wa kijiwe cha jirani mambo hayo mawili kila Jumamosi mchana. Ameniomba nimwandikie hesabu za taa kwa Kiswahili, karatasi moja kwa kila aina ya pikipiki, ili azibandike ukutani. Nimeanza na zile zinazoonekana zaidi hapa mjini. Kuna aina ambazo bado sijapata vitabu vyake vya gereji, na mwenye nacho tafadhali aniazime, nitakirudisha.